Sauti Niliyoisikia Tumboni

Nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa pili, mikono imeshaanza kujiamini kuliko kichwa. Mzee wa kitanda cha dirishani alikuwa amepata kiharusi, hata mate yalimshinda kumeza. Daktari akaagiza awekewe mpira wa kulishia, upitie puani.

Niliupima kama tulivyofundishwa: ncha ya pua hadi ndewe ya sikio, kisha hadi chembe cha moyo. Nikautia alama, nikaulainisha, nikamketisha wima. "Inamisha kidevu, babu, jaribu kumeza." Ukateremka bila kipingamizi. Hakukohoa, wala midomo haikubadilika rangi. Nikafurahi! Siku hizi kimya cha namna ile hunitia wasiwasi, maana kiharusi huweza kumnyang'anya mtu hata kikohozi.

Nikaweka stetoskopu juu ya tumbo, nikasukuma hewa kwa bomba la sindano. Bubujiko nikalisikia waziwazi. Nikanyanyua maziwa ya lishe.

"Umevuta majimaji?" Sista aliuliza huku akitandika kitanda cha pili, hata kunitazama hakunitazama.

"Nimesikia hewa, Sista."

"Sikukuuliza umesikia nini."

Nikavuta. Ukatoka ute kidogo, mweupe. Akaudondoshea kwenye karatasi ya kupimia asidi, akalinganisha rangi: 7. Maji ya tumboni tulitarajia yasome 5.5 au chini yake. Nikakumbuka kuwa zipo dawa za kupunguza asidi zinazopandisha namba hiyo, nikaking'ang'ania kisingizio hicho. Sista akafungua faili la mzee. Hakuwa akitumia hata moja.

Tukasubiri eksirei. Picha iliporudi, mpira ulionekana umekunja kulia na kuingia pafuni. Ile sauti niliyoiamini ilikuwa ya hewa iliyoingia kifuani, mlio wake ukasikika hadi tumboni. Nikaitazama chupa ya maziwa, bado imejaa, nikahisi miguu imeniishia nguvu.

Sista aliuchomoa mwenyewe, akamwacha mzee apumzike, kisha akanikabidhi mpira mpya. Nilidhani angemwita mwingine.

Safari hii mikono ilitetemeka. Karatasi ikasoma 4. Hata hivyo sikugusa maziwa mpaka Sista alipokuja kuiona kwa macho yake. Ndipo nikahakikisha kichwa cha kitanda kimeinuka nyuzi 45, nikaanza kumimina taratibu, macho yangu usoni kwa mzee.