Tone liko chini, tatizo liko juu: nilivyozuia oili kuvuja

Gari langu lina miaka 20 na ushei. Kila lilipolala liliacha doa jeusi, nami nikajipa moyo kwamba ndivyo magari ya zamani yalivyo. Kilichonizindua ni harufu. Kila nikisimama baada ya safari ndefu, moshi mwepesi ulipanda kutoka kwenye boneti. Oili ilikuwa inadondokea bomba la eksozi na kuungua.

Niliona tone linaning'inia kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, nikaihukumu sampu. Nikaliweka gari juu ya stendi (jeki peke yake si ya kuaminiwa na mtu anayelala chini ya gari), nikamwaga oili, nikafungua bolti moja moja, nikabadilisha gasketi, kile kizibio cha kwenye maungio. Vidole vilichubuka. Siku ya tatu doa likarudi palepale.

Kazi ya bure! Oili hushuka, na gari likitembea upepo huisukuma nyuma. Pale inapodondokea ndipo ilipofikia tu, haikuanzia hapo.

Nikaanza upya, safari hii na usafi. Injini ikiwa baridi niliisugua kwa dawa ya kuondoa grisi hadi chuma kikarudi rangi yake. Ilipokauka nikanyunyiza poda ya watoto kwenye maungio, nikawasha injini dakika 15, nikaizima, kisha nikamulika tochi kuanzia juu kabisa. Mstari mweusi, mwembamba kama uzi, ulikuwa umeichora ile poda kutoka kona ya nyuma ya kava ya valvu, kile kifuniko cha juu ya injini.

Nilipotoa gasketi yake nilielewa. Mpira ulikuwa umekauka kwa joto la miaka yote hiyo. Niliukunja, ukakatika tak! kama kijiti.

Kufunga mpya ndiko kunakotaka utulivu. Mabaki nilikwangua kwa kipande cha plastiki, kwa sababu bisibisi huchora aluminiamu na kila mchoro ni njia mpya ya oili. Silikoni nilipaka kwenye zile kona mbili tu zinazoihitaji. Wapo wanaoipaka kuzunguka kote. Ile ya ziada hujikamua kuingia ndani, ikimeguka huenda kuziba chujio la pampu ya oili. Bolti za kava ni ndogo. Nilizikaza kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu tatu, hadi kipimo cha kukazia cha Nm 10 (nyutoni-mita) kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari langu. Ukikaza kwa hasira kava hupinda, au bolti inabaki mkononi bila kichwa. Kisha nikaliacha hadi kesho yake silikoni ikauke.

Kidogo nisahau valvu ya kupumulia injini. Niliichomoa nikaitikisa: kimya. Nzima hulia ndani kama njuga. Yangu ilikuwa imeganda kwa masizi, kwa hiyo mvuke wa ndani ulikuwa unasukuma oili popote penye upenyo. Ningeiacha, hata gasketi mpya ingeshindwa.

Sasa huwa natandika boksi chini ya injini usiku. Harufu imekwisha. Asubuhi nakuta tone moja, wakati mwingine hamna, chini ya mahali injini inapoungana na giaboksi. Hiyo ni sili ya nyuma ya krenki, yaani kizibio kinachozuia oili pale mhimili wa injini unapotokeza nyuma, na kuifikia lazima giaboksi ishuke. Kwa tone moja sishushi giaboksi. Napima oili kila wiki, naongeza ikipungua.