Hesabu ndoo kwanza, sare baadaye

Ninapowarudisha shule watoto wanaoponda kokoto pembezoni mwa Dodoma na wanaochunga ng'ombe upande wa Bahi, sare huwa naiweka mwisho. Elimu bila malipo ipo tangu 2016, na bado wapo machimboni. Kinachowashika ni hela wanayopeleka nyumbani.

Kwa hiyo naanza na daftari. Wiki nzima naandika: mtoto kajaza ndoo ngapi za kokoto za lita 20 kwa siku, nani kanunua, hela imekwenda wapi. "Mama, jana mlipika kwa hela ya nani?" Mara nyingi ni unga wa jioni tu, na pengo la ukubwa huo linazibika kwa mama kuingia kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa. Kama kaya imo TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, tunaenda kwa mtendaji kuhakikisha jina la mtoto limeandikwa. Sharti lao ni mahudhurio ya shule ya asilimia 80.

Kwa wanaochunga ng'ombe, kaya tatu nne zinaunganisha mifugo na kumlipa mtu mzima mmoja. Wazee hawapingi, ila mkubaliane mapema nani atalipa ng'ombe wakila mtama wa jirani. Mkilikwepa hilo, siku ng'ombe wakiingia shambani mtoto anarudishwa porini.

Mwenye miaka 12 asiyejua kusoma usimchanganye na wa darasa la kwanza. Watamwita babu, naye hatamaliza mwezi. Huyo ni wa MEMKWA, mpango wa elimu kwa watoto walioikosa shule: kundi la kwanza ni hadi miaka 13, la pili 14 hadi 18. Nenda ukalione darasa lenyewe kwa macho. Yapo yanayoishi kwenye karatasi tu.

Kuwaingiza shule, napendelea Julai kuliko Januari. Januari ni palizi na ghala tupu; Julai mavuno yameingia, mzazi ana debe la mahindi la kuchangia chakula cha shule. Usidharau hilo: machimboni mtoto alikuwa anajinunulia mihogo mchana, na shule isiyo na hata uji humpoteza kabla ya saa saba.

Wiki ya tatu shuleni ndiyo mbaya. Ugeni umeisha, na lori la mnunuzi wa kokoto limepita mtaani. Akikosa siku mbili mfululizo nafika kwao jioni hiyohiyo, na kabla sijauliza lolote natupia jicho nyundo yake ya kokoto pale ukutani. Ikiwa na vumbi, labda ni homa. Ikiwa na mpini mpya, narudi kwenye daftari la ndoo.