Sanduku la bati na mashine ya marehemu baba

Sanduku nililifungua masika ya mwaka 2011, siku ya Jumamosi, mvua ikigonga bati tangu alfajiri. Mpwa wangu alikuwa amekuja likizo kutoka Dodoma, mtoto wa kidato cha pili, na tangu ateremke kwenye basi alikuwa na neno moja tu: "Mjomba, ile yenye taa nyekundu iko wapi?" Nilikuwa nimemsimulia kwenye simu.

Wakati ule nilikuwa na vikokotoo 17 vya zamani nyumbani kwetu Ngamiani, mjini Tanga. Vikokotoo 16 vilikaa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda changu, kila kimoja kimeviringishwa nailoni na kufungwa kwa mpira, kisha kufuli juu. Cha 17 kilikaa nje, juu ya kimeza karibu na cherehani ya mama, kwa kuwa mama alikataa katakata kisitiwe sandukuni.

Hicho cha 17 ni mashine ya Facit ya Sweden, ya chuma, yenye vitufe 10 vya tarakimu na mkono wa kuzungusha ubavuni. Haili betri wala umeme. Marehemu baba alikuwa karani kwenye shamba la mkonge njia ya Muheza, na kwa mashine ile alipiga hesabu za robota za katani miaka mingi. Robota moja ni kilo 250, nne ni tani. Ukitaka kujua robota 47 ni kilo ngapi unabonyeza 250, unazungusha mkono mara 7, unasogeza hatua moja hadi kwenye makumi, unazungusha tena mara 4. Mizunguko 11, na 11,750 inasimama kwenye vidirisha. Ofisi ilipoleta mashine za umeme, ile ya zamani alipewa baba siku ya kustaafu, akaifunga nyuma ya baiskeli na kuja nayo mjini.

Nyumbani ikapata kazi nyingine. Mtaani kwetu mtu akifariki, sheikh akishataja mafungu ya mirathi, wafiwa walikuja kwa baba wayageuze mafungu yale kuwa shilingi. Mke mwenye watoto ana thumuni yake, yaani moja ya nane, mtoto wa kiume anapata mafungu mawili ya wa kike. Marehemu akiacha mjane, wavulana wawili na wasichana watatu, hesabu inatulia vizuri: mali yote inagawiwa kwa 8, mjane fungu moja, kila binti moja, kila mvulana mawili. Kugawa kwa Facit ni kutoa. Unazungusha mkono kinyume, nambari inapungua, unazungusha tena, mpaka inapoingia chini ya sifuri na kengele ndani ya mashine inalia, ting! Hapo unajua umezidisha mzunguko mmoja. Unaurudisha, unasogeza hatua, unaendelea na tarakimu inayofuata. Sisi watoto tukilala chumba cha pili tulikuwa tukiisikia ile kengele usiku na kujua kwamba kuna nyumba inagawiwa.

Baba alifariki mwaka 1998. Aliacha mjane, wavulana wawili na wasichana watatu. Mimi nilishakuwa mwalimu wa hesabu, nikapiga mafungu kwa kalkuleta yangu ya Casio kwa dakika moja nikayasoma mbele ya ndugu. Mama akasema, "Ipitishe na kwenye ya baba yako." Nikaizungusha wote wakisikiliza. Tangu siku ile, kila mama alipoitia mafuta cherehani yake, tone la mwisho lilikwenda kwenye Facit, analipaka kwa unyoya wa kuku kwenye ekseli ya mkono na pale chini panaposogea.

Nilianza kukusanya vingine mwaka uliofuata, na sikukusanya kwa sababu ya fedha. Mimi nilisoma kwa kitabu cha logi, yale majedwali tuliyotumia kuzidisha na kugawa namba kubwa. Mwaka 1972 kampuni ya Hewlett-Packard ilitoa HP-35, kikokotoo cha kwanza cha kisayansi cha kushika mkononi, kwa dola 395. Miaka minne baadaye Texas Instruments wakaja na TI-30 kwa chini ya dola 25. Kitabu cha logi kilikufa pale, ingawa sisi wa huku tulikizika baadaye sana, na mimi nilitaka wanafunzi wangu wakione kisa hicho kwa macho. TI-30 niliipata kwa fundi redio aliyekuwa anafunga banda lake. Casio Mini ya mwaka 1972, yenye tarakimu 6 tu, niliuziwa na mjane wa baharia, mumewe alikuja nayo kutoka Japani. Vingine vilitoka kwenye minada, kwa walimu wenzangu, kwa mwenye duka aliyebadilisha kalkuleta yake ya mezani. Kila nilichopata nilikipangusa, nikakijaribu, nikakifunga nailoni, nikakilaza sandukuni. Niliamini hapo kimepona. Vumbi halikifikii, mtoto hakigusi, mwizi hakioni.

Basi siku ile nikavuta sanduku hadi ukumbini, mpwa wangu amechuchumaa mbele yangu, mama yuko kwenye cherehani anashona foronya. Kufuli lenyewe liligoma kwanza, lilikuwa limeota kutu. Nilipoinua kifuniko ilitoka harufu ya uvundo iliyochanganyika na kitu kikali kama mkojo wa paka.

Nilianza na TI-30, kwa kuwa ndiyo aliyoingojea. Ndani ya nailoni kulikuwa na matone ya maji. Nikafungua kifuniko cha betri ya volti 9 na vidole vyangu vikaingia kwenye unga. Betri ilikuwa imetoa maji zamani, vile vifungo viwili vya kuishikia vimegeuka donge la kijani kibichi, na waya mwekundu ulikatika nilipougusa tu, shaba yake imekuwa nyeusi mpaka ndani ya gamba. Casio Mini ilikuwa na hali mbaya zaidi. Betri zake ndogo zilivimba hadi sikuweza kuzitoa ila kwa bisibisi, na maji yake yalishuka mpaka kwenye bodi, yakala njia za shaba kama mchwa anavyokula mstari ukutani. Kikokotoo cha tatu, cha kisayansi, kilikuwa na mfuko wake wa awali, ule wa plastiki laini. Nilivuta mfuko haukutoka. Plastiki laini ile kwa joto la huku hutoa jasho la mafuta, na jasho hilo hulainisha plastiki ngumu iliyolala juu yake. Nilipoubandua, mstari wa mshono ulibaki umechapwa mgongoni mwa kikokotoo kama kovu. Vingine vioo vyake vilikuwa vimevia, doa jeusi linaanzia pembeni linakwenda katikati.

Mpwa wangu alinyamaza. Mimi nilikaa sakafuni na kile cha baharia mkononi na koo limenikaza. Mjane yule alikuwa ameniambia, "Kitunze, mwanangu, yeye alikipenda."

Mama alisimamisha cherehani. Akaja, akatazama, akashika ile nailoni iliyolowa kwa vidole viwili. "Umevitia mahali havina pumzi," akasema. "Nguo ukiitia humu masika moja inaota ukungu. Hivi ulitaka viishije?" Kisha akaenda uani, akarudi na ndimu nne na kisu.

Sikumwelewa mwanzoni. Kumbe ndimu ndiyo aliyokuwa akisafishia vyombo vya shaba vya bibi yake. Akakamua tone kwenye kijiti chenye pamba, akagusa lile donge la TI-30, likachemka povu dogo, likalegea. Mwalimu ndani yangu akaamka hapo. Betri za alkalini zikivuja hutoa potasi haidroksaidi, ambayo ni alkali kali, na tindikali ya ndimu inaivunja nguvu. Zile betri za kawaida za bei rahisi zina chumvi za namna nyingine, na kwao ndimu haisaidii sana. Lakini kwa hiki ilifanya kazi mbele ya macho yetu. Tukakaa watatu kwenye mkeka, mpwa akisugua kwa mswaki wa zamani, mimi nikifuatisha spiriti ili majimaji ya ndimu nayo yasibaki ndani, mama akipanga vilivyokwisha kwenye ungo karibu na dirisha. Adhuhuri ilitukuta hapo, na alasiri pia.

Katika vile 16, vikokotoo 9 vilipona. TI-30 ilikuwa mmojawapo, baada ya fundi redio mmoja kuichomelea waya mpya kwa risasi. Jumatatu jioni tulizima taa ya ukumbini na mpwa wangu akabonyeza 7 gawa kwa 9, na zile tarakimu nyekundu zikawaka kwenye giza, saba saba saba. Casio Mini haikuwaka. Sijaitupa.

Nilipokuwa naosha mikono Jumamosi ile ndipo nilipoitazama Facit kwa mara ya kwanza kwa jicho la mtu anayetafuta kutu. Ilikaa pale kimezani karibu na dirisha miaka 13, upepo wa bahari unaipitia kila jioni, chumvi yote ya Tanga inaijia. Chuma cha mkono wake kiling'aa kwa mafuta. Haikuwa na hata alama.

Wiki iliyofuata nilimwendea seremala wa mtaani na mchoro. Nilitaka kabati la vioo la kuweka ukumbini, lakini si lile la kubana. Chini na juu nilimwambia atoboe matundu na kuyaziba kwa wavu wa mbu, ili hewa ipande na mdudu asiingie. Alishangaa, akaniuliza mara mbili kama kweli nataka kabati lenye matundu. Tukalisimamisha kwenye ukuta ambao jua la jioni haliufikii, kwa sababu jua ndilo linalozigeuza plastiki nyeupe kuwa manjano ya ugoro. Rafu alizitenga sentimita kadhaa na ukuta wa nyuma, maana ukuta wetu masika hutoa jasho.

Betri zote nilitoa. Anayetaka kuona kikiwaka, betri inatiwa mbele yake na kutolewa akiondoka. Mifuko ya plastiki niliitenga na vikokotoo vyake, kila mfuko kwenye bahasha ya karatasi yenye jina. Vile ambavyo havikupata nafasi kwenye rafu mama alivifunga kwa kanga zake kuukuu, zilizolainika kwa kufuliwa, tukavilaza kwenye maboksi ya karatasi juu ya kabati la nguo badala ya chini ya kitanda. Ndani ya kila boksi niliweka vile vifuko vya silika vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, na hadi leo kila mwezi navianika upya karibu na jiko. Na kila kikokotoo nilikiandikia kadi kwa penseli: kimetoka wapi, mwaka gani, kilikuwa cha nani. Kwa cha baharia niliandika maneno ya mjane kama alivyoyasema.

Kabati lilipokuwa tayari nilibakiza rafu ya katikati, pana, iliyopimwa kwa Facit. Niliinyanyua kutoka kimezani kwa mikono miwili. Mama alikuwa jikoni anakuna nazi, lakini alinisikia.

"Hiyo iache."

"Mama, rafu yake hii hapa. Nimemwambia fundi aipime."

"Nani ataitia mafuta huko kwenye vioo? Iache hapo hapo."

Nikairudisha. Kwenye rafu ile nikaweka Casio Mini, iliyo mfu, na kadi yake.

Jioni ile ilikuwa ya mwisho kwa mpwa wangu kabla ya kurudi Dodoma. Aliniomba nimfundishe ile ya baba. Kuzidisha alikushika haraka, akacheza nayo robota zake mpaka akachoka. Nikampa kugawa. Nilimwandikia 340,000 kwa 8, nikamwonyesha pa kuanzia, kisha mtu akabisha hodi mlangoni nikatoka kumpokea. Kutoka barazani nikamsikia anazungusha kinyume, polepole, krrr, moja. Krrr, mbili. Tatu. Nne. Alisita kidogo, akazungusha tena.

Ting!

Nilimwona amekaa na mkono hewani, hajui afanye nini. Kabla sijafungua kinywa, sauti ya mama ikatoka jikoni, ile ile ya miaka yote nilipokuwa nalala chumba cha pili:

"Umepita. Rudisha moja."