Laki mbili, kumi na mbili na mia tano

Jumamosi iliyopita nilikuwa nakuna nazi huku midomo inacheza. Binti yangu, aliyekuwa kajikalia mlangoni na madaftari yake, akanitazama weee, kisha akauliza, "Mama, unasoma dua gani hiyo?"

Haikuwa dua. Tulikuwa tumetoka kwenye mkutano wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa na nilikuwa nalirudia salio ili nilale nalo. "Si limo kwenye simu?" akasema. Ni kweli, limo. Siku hizi tunaweka kwa M-Koba, akiba ya kikundi kwenye simu, shilingi ikiingia au ikitoka ujumbe unatufikia wote, sanduku hakuna na makufuli hakuna. Wenzangu wengi ukiwauliza salio wanafungua kwanza mkoba watoe simu. Mimi bado nalikariri. Binti akataka kujua kwa nini, nikamwambia amalize kazi za shule nitamweleza. Akamaliza, akala, akalala. Sikumweleza. Naanza kuandika hapa, labda nitapata pa kumwanzia.

Ni mambo ya 2009, Makorora, hapa Tanga, chini ya ule mwembe nyuma ya nyumba ya mwenyekiti. Tulikuwa wanawake ishirini na wanne. Hisa moja elfu moja, mwisho hisa tano kwa wiki, na mia tano ya mfuko wa jamii kwa ajili ya msiba na ugonjwa. Kila Jumamosi saa kumi alasiri. Nilikuwa mdogo kuliko wote na ndiye niliyekuwa na cheti cha kidato cha nne, kwa hiyo walipotafuta katibu hawakutafuta mbali. Nilikuwa na mwandiko mzuri. Nilijivunia sana mwandiko wangu.

Sanduku lilikuwa la chuma, la buluu, makufuli matatu, na funguo zilikaa kwa watu watatu wa nyumba tatu tofauti. Lenyewe lililala kwa mweka hazina, mama aliyekuwa anauza maandazi alfajiri. Lakini kinga yetu kubwa haikuwa makufuli. Mwalimu aliyetufundisha alitueleza kwamba njia hii ilianza kwa wanawake wa Niger mwaka 1991, huko vijijini ambako wengi hawakujua kusoma. Kwa hiyo waliweka hesabu kichwani. Kabla ya kufunga sanduku, salio linatajwa kwa sauti na kikundi kizima kinaliitikia mara tatu. Wiki inayofuata, kabla noti hazijahesabiwa, katibu anauliza tulifunga na ngapi, na watu wanajibu. Kichwa cha mtu mmoja kinaweza kusahau au kudanganya, vichwa ishirini na vinne ni shida.

Jumamosi moja ya masika mvua ilitukuta katikati ya mikopo. Ya kwanza ilitoka, elfu sitini. Ya pili, hamsini. Ya tatu, arobaini, ilitolewa matone yakiwa yameshaanza kupiga majani ya mwembe. Salio likatajwa, likaitikiwa mara moja tu, na hapo kila mtu akakimbia na mkeka wake. Nilimalizia daftari nimeinama juu yake ili lisilowe. Nikajumlisha, nikatoa, nikapiga mstari, nikalitumbukiza sandukuni.

Wiki iliyofuata palikuwa na jua. Sanduku likawekwa katikati ya jamvi, washika funguo wakafungua mmoja mmoja, mimi nikatoa daftari.

"Tulifunga na ngapi?"

Sauti zilitoka nusunusu. Mmoja wa wahesabu fedha alikuwa kasafiri kwenda Lushoto kwenye msiba, na wa pili aliniangalia mimi. Ndipo Bibi akasema. Alikuwa shangazi yake mweka hazina, mtu mzima sana, miguu kainyosha mbele yake kama kawaida.

"Laki mbili, kumi na mbili na mia tano, mwanangu."

Nikatazama daftari. "Bibi, hapa ni laki mbili, hamsini na mbili na mia tano."

"Mimi nimekwambia nilichokisikia."

Nikamjibu kwa upole, ule upole ambao mtu humwekea mzee aliyeanza kusahau, na kwa sauti ya juu kidogo, kana kwamba shida ilikuwa masikio. Nikasema, "Haya Bibi, sasa hivi tutaona."

Fedha zikamwagwa kwenye beseni. Noti zikapangwa kumikumi, sarafu za mia mbili zikawekwa mafungu. Laki mbili, kumi na mbili na mia tano. Wakahesabu tena. Mara ya tatu mwenyekiti akahesabu mwenyewe, polepole, analowesha kidole, na hakuna aliyesema neno. Nasikia mpaka leo zile noti zinavyoburuzika juu ya noti. Nyuma ya ukuta watoto walikuwa wanacheza rede, wanashangilia.

Mtu angedhani hapo Bibi ameshinda. Bibi alitaja kiasi na kiasi kikaonekana. Ila Bibi alikuwa anaishi nyumba ileile lilimolala sanduku, na mmoja wetu, simtaji, akauliza taratibu, "Yeye kajuaje?"

Sijawahi kuona sura za watu zikigeuka haraka namna ile. Mwingine akalipindua sanduku akaanza kuzikagua bawaba, moja moja, anazipapasa kwa ukucha. Mweka hazina alikuwa amekaa. Mikono yake ilikuwa na unga ambao haukutoka vizuri kwenye kucha. Alimtazama yule anayepapasa bawaba, akamtazama shangazi yake, halafu akanitazama mimi, na alinitazama kwa muda mrefu kuliko wengine. Nadhani alikuwa anasubiri nitazame daftari mara ya pili.

Sikulitazama. Niliwageuzia wote ule ukurasa ili wauone, mistari imenyooka, tarakimu safi. Nikasema, "Daftari ndilo hili."

Ningesema salio nililolisikia mwenyewe kwenye mvua, lakini sikuwa nalo kichwani. Mimi nilikuwa na kalamu, kukariri niliona ni kazi ya wasio nayo.

Mweka hazina akafungua pindo la kanga yake. Zilikuwa kumi na nane elfu. Akaziweka kwenye beseni, akasema, "Zilizobaki Jumamosi." Hakulia, hakuapa. Bibi akakunja miguu, akashikwa mkono, wakaondoka wote wawili kabla ya kufunga. Jumamosi iliyofuata alimtuma mtoto na elfu ishirini na mbili kwenye bahasha. Tukachagua mweka hazina mwingine.

Mkopo wa tatu, ule wa arobaini, ulirejeshwa baada ya wiki nne. Yule dada akaja mbele na kitabu chake kidogo. Tarehe ipo, kiasi kipo, mwandiko wangu. Nikafungua daftari kubwa nitafute nilipouandika nitie alama. Mkopo wa sitini upo. Wa hamsini upo. Chini yake ulikuwepo mstari niliopiga siku ya mvua.

Nilipokea marejesho yake. Nikaita namba inayofuata. Nimejiuliza miaka yote hii ni kitu gani kilinifunga mdomo pale, maana watu wote walikuwepo na ilikuwa ni sentensi moja. Siku tatu nilikaa nayo.

Siku ya nne nikakopa elfu arobaini kwa kaka yangu, nikaenda kwa mweka hazina alfajiri. Alikuwa mbele ya kikaango. Nikamweleza. Aliyageuza maandazi yaliyokuwa kwenye mafuta, akayaopoa yote, ndipo akauliza, "Hii hela ni ya kikundi au yako?"

"Yangu, dada."

"Basi rudisha mfukoni. Wewe sikudai hela. Kaseme palepale."

Nikasema palepale, Jumamosi, nimesimama. Sitaieleza siku hiyo. Kikundi kilihesabu arobaini ya mweka hazina yule kutoka sandukuni, na mwenyekiti akampelekea yeye mwenyewe pamoja na doti ya kanga na maneno ya kumwomba arudi. Akapokea hela. Kanga akairudisha. Hakuja tena, na tulipovunja mwisho wa mwaka tukagawana hisa, yeye alitumiwa fungu lake nyumbani.

Kwa Bibi nilikwenda peke yangu. Nilimkuta uani anachambua mchele. Nilipiga magoti nikayasema yote, akasikiliza hadi mwisho, mikono yake haikuacha ungo. Kisha akaniuliza, "Na juzi mmefunga na ngapi?"

Nikashindwa kumjibu. Nilikuwa nimeiandika.

Bibi alifariki miaka miwili baadaye. Kikundi changu cha sasa kimesajiliwa halmashauri kama sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 inavyotaka, mambo yake yananyooka, na sidhani kama kuna anayehitaji nikumbuke chochote. Wala sijui kama kukariri huku ni kulinda fedha za watu au ni namna yangu ya kuendelea kumjibu yule mzee. Binti ameniuliza tena jana.

Yule mweka hazina wa Makorora nilikutana naye Ramadhani iliyopita soko la Mgandini, tunachagua viazi kwenye fungu moja. Tukasalimiana, tukaulizana watoto. Wake mmoja yuko Dar es Salaam sasa, fundi umeme. Alinichagulia viazi viwili vizuri, akavitia kwenye kapu langu, akasema tutaonana inshallah. Ya Makorora hakuna aliyeyagusa.