Mtoto asiage kwa niaba ya mzazi

Ukiita `fork()`, yaani amri ya mfumo inayozaa nakala ya programu inayoendelea (ya awali ni mzazi, nakala ni mtoto), huku muunganisho wa hifadhidata uko wazi, mchakato mtoto hapati muunganisho wake mwenyewe. Anapata nakala ya namba ya faili tu, ile ambayo programu huitumia kuushika muunganisho. Soketi, yaani ncha ya muunganisho wa mtandao, ndani ya kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ni ile ile moja. PostgreSQL, seva ya hifadhidata, haina habari kwamba kuna mtoto amezaliwa. Inaona mteja mmoja na mazungumzo mamoja.

Wengi hapa Mombasa hunaswa kwa sababu inayoeleweka. Programu iko huku, hifadhidata imekodiwa Ulaya, na kila muunganisho mpya wa TLS (uliosimbwa kwa usalama) ni kwenda na kurudi mara kadhaa kupitia nyaya za baharini. Basi mtu anaufungua mapema kwa mzazi, kisha anazaa watoto wanne wa kufanya kazi, akidhani ameokoa muda.

Kufunga kuko kwa namna mbili, na hapo ndipo penye kiini cha jambo. `close()` ya mfumo hupunguza tu hesabu ya wanaoishika soketi. Maadamu mzazi bado anayo, hakuna kinachotumwa. `PQfinish()` ya libpq, maktaba ya kuongea na PostgreSQL, kinyume chake, huaga kwanza: hutuma baiti 5, yaani herufi X na urefu wa ujumbe. Seva ikisoma X inamaliza kikao, haiulizi nani kaaga. Mzazi akirudi na swali lake anakutana na `server closed the connection unexpectedly`. MySQL, hifadhidata nyingine, nayo ina kuaga kwake, COM_QUIT, na matokeo ni yale yale. Wala si lazima uwe umeandika mstari wa kufunga: mtoto anapomaliza kazi, usafishaji wa mwisho unaweza kuaga kwa niaba yake. Mtoto wa kazi fupi katika Python amalizie kwa `os._exit()`, ambayo huruka usafishaji huo.

Kibaya zaidi ni michakato miwili kuitumia soketi moja pamoja. Chukua programu ya kuthibitisha malipo ya M-Pesa kwa duka la jumla la Kongowea. Mtoto mmoja anauliza risiti ya mchele, mwenzake ya sukari, na majibu yanamwendea yeyote aliyewahi kusoma. Mzigo unaweza kutolewa kwa malipo ya mtu mwingine bila logi kuandika kosa lolote. Penye TLS walau kuna kelele: hesabu za rekodi hupishana, ukaona `decryption failed or bad record mac`. Ukiliona kosa hilo, usikimbilie kulaumu cheti cha TLS. Kagua `fork()` kwanza.

Dawa bora ni mzazi asiwe na muunganisho wowote wakati wa kuzaa. Katika SQLAlchemy, maktaba ya hifadhidata ya Python, ita `engine.dispose()`, inayofunga miunganisho iliyowekwa akiba, kwa mzazi kabla tu ya `fork()`. Ikiwa mzazi bado anahitaji miunganisho yake, basi mtoto aite `engine.dispose(close=False)`, iliyopo tangu toleo 1.4.33: anaiacha miunganisho ya zamani bila kuaga na kuanza na bwawa jipya, yaani akiba mpya ya miunganisho. Ukisahau `close=False` upande wa mtoto, umerudi kwenye X ile ile. Katika Gunicorn, seva ya programu za wavuti za Python, ikiwa na `preload_app` (programu hupakiwa kwa mzazi kabla ya kuzaa), mahali pa kuita `dispose(close=False)` ni `post_fork`. Angalia pia kwamba `dispose()` haigusi muunganisho ulioazimwa wakati huo, kwa hiyo usizae katikati ya muamala. Wa Perl waweke `AutoInactiveDestroy` ya DBI, maktaba yao ya hifadhidata, iwe 1 kwa lengo hilo hilo.

SQLite, hifadhidata ya faili isiyo na seva, ni kali kuliko zote: muunganisho uliofunguliwa na mzazi, mtoto asiutumie wala asiufunge.

Kila mtoto sasa ana bwawa lake, kwa hiyo piga hesabu. Kwa kawaida SQLAlchemy huruhusu miunganisho 5 na 10 ya ziada kwa kila bwawa. Watoto wanne ni 60, na `max_connections` ya PostgreSQL, yaani kikomo cha miunganisho, huanza na 100. Watoto wanane watagonga ukuta.

Kuhakikisha, endesha `ss -tnp`, amri inayoorodhesha soketi, kwenye mashine ya programu, ukitumia `sudo`, na utazame mistari ya bandari 5432, ya PostgreSQL. Mstari mmoja wenye pid (namba za michakato) mbili maana yake bado wanashirikiana. Hata mtoto asipoitumia soketi hiyo, mzazi akiuawa kwa `kill -9` seva haitapata habari mpaka mtoto naye aiachie, na kikao kitabaki `idle` (bila kazi) ndani ya `pg_stat_activity`, orodha ya vikao vya PostgreSQL.