Mbao za Kongo zinaishia wapi? Nilivyohangaika na hesabu

Hajji ninayemwekea hesabu hapa Ndeeba, mtaa wa mbao Kampala, aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, mbao ngumu za Kongo zinabaki kwetu Uganda, au zinapita tu kwenda Kenya?" Nikamwahidi jibu kabla ya Ijumaa. Ijumaa nane zikapita.

Nilianzia Comtrade, hazina ya takwimu ya Umoja wa Mataifa, ambako nchi hupeleka hesabu zao za forodha. Huko kila bidhaa ina namba yake ya forodha: magogo ni 4403, mbao zilizopasuliwa 4407. Nikatafuta mvule, 4407.28, na mchoro wangu ukaonyesha kwamba kabla ya 2007 hapakuwa na mtu aliyeuza mvule duniani! Kumbe namba yenyewe ndiyo iliyozaliwa 2007, pamoja na 4407.27 ya sapelli, ambayo Wakongomani huiita libuyu. Zamani zote zilifichwa kwenye fungu moja na mbao nyingine za kitropiki. Nikachukua 4407 nzima, nikatoa paini na jamaa zake.

Bado. Kwenye vitabu hivyo "mbao ngumu" ni mti wowote wa majani mapana. Mkaratusi wa juzi, na hata musizi ambao fundi anaupigilia msumari bila kutoa jasho, vinahesabiwa pamoja na mvule. Hilo sikulitatua, niliandika tu pembeni.

Dola nilizitupa, maana dola ya 1998 si ya leo. Nikabaki na ujazo, ila miaka mingine iliandikwa kwa kilo. Hapo kompyuta haikunisaidia, mizani ilinisaidia. Ubao wa inchi 12 kwa 1, futi 14, ukipanga 30 unapata karibu mita moja ya ujazo. Tulipima mbao kumi za mvule mkavu, wastani ukawa kilo 21 na kitu, yaani kama kilo 650 kwa mita ya ujazo. Mstari wowote ulionipa kilo 90 niliufuta. Hiyo ni sponji, si mbao.

Kazi kubwa ilikuwa Kongo yenyewe, kwa sababu kuna miaka haikupeleka hesabu. Basi nikageuza: badala ya kumuuliza muuzaji, nikasoma daftari la mnunuzi. Uganda inasema ilinunua nini Kongo, na Kenya inasema nini. Kisha nikaweka mauzo ya Uganda kwenda Kenya kando ya manunuzi ya Kenya kutoka Uganda. Fedha hazilingani hata watu wakiwa waaminifu, kwani mnunuzi huongeza nauli na bima. Lakini ujazo nao ulikataa kulingana. Mzigo uliopita Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo, unaweza kuandikwa wa Uganda kwenye daftari moja na wa Kongo kwenye lingine. Sikuchagua, niliacha safu zote mbili.

Miaka ya 2018 hadi 2023 niliizungushia kalamu nyekundu. Kenya ilisimamisha ukataji kwenye misitu ya umma Februari 2018, ikaruhusu tena Julai 2023, na sikutaka kiu yake ya mbao za majirani ichanganywe na habari za mvule.

Hajji alivaa miwani, akatazama jedwali kwa muda mrefu. "Kwa hiyo miaka mingine zinabaki, mingine zinapita."

"Ndiyo, Hajji. Zile zilizoandikwa."

"Na zinazovuka usiku umeziweka safu gani?"

Nikafunga kompyuta, nikaenda kuagiza chai.