Kikao cha Linux Kigoma: kipange kama vile umeme na bando havipo

Kikundi cha watumiaji wa programu huria, kama mfumo wa kompyuta wa Linux, hakihitaji katiba wala mhuri ndipo kikutane. Kinahitaji chumba, projekta na mtu aliyekwisha kujaribu onyesho lake jana yake, kwa laptopu ile ile atakayokuja nayo.

Jumamosi saa nane na nusu mchana ndiyo nafuu. Ijumaa, Ujiji watu wako msikitini. Jumapili wengine wanatoka kanisani wamechoka. Kuanzia Novemba hadi Aprili, kabla ya kuandika barua ya kuomba darasa, inua macho uangalie juu. Bati tupu lisilo na dari likipigwa na mvua, hata mwenye sauti ya mnadani hasikiki. Ukikosa chumba chenye dari, weka kazi za mikono pembeni: mvua ikianza, mzungumzaji akae, watu wahamie kwenye flashi.

Umeme upigie hesabu kwa wati. Projekta ya taa inakula kama 300, chaja ya laptopu kama 65. Laptopu nane na projekta ni wati 820, na jenereta ndogo ya wati 650 haiwezi mzigo huo. Kwa hiyo tangazo liseme wazi: njooni mmechaji. Ekstensheni wabaki nayo wanaosakinisha tu, wasizidi wanne. Kama kuna UPS moja (betri ya kushikilia umeme ukikatika), ipe projekta, maana laptopu zina betri zake. Umeme ukikatika ghafla feni ya projekta inasimama huku taa bado ina moto mkali, na taa hufa mapema kwa sababu hiyo. Dakika chache za UPS zinatosha kuizima taratibu ikapoa.

Sasa flashi, ambako vikao vingi hukwama. Usitegemee kupakua chochote ukumbini. ISO (faili moja lenye mfumo mzima) ya Linux Mint, aina mojawapo ya Linux, inakaribia GB 3, na simu ya kurushia intaneti huzidiwa watu wakishaungana. Pakua usiku, kisha hakiki faili kwa sha256sum, amri inayotoa mfuatano wa tarakimu na herufi wa faili hilo. Tarakimu moja ikitofautiana na iliyo kwenye ukurasa wa mradi, rudia. Flashi nazo zijaribiwe kwa f3write na f3read, amri zinazopima ukubwa wake halisi. Madukani zipo zilizoandikwa GB 64 ambazo ndani ni 8: zinapokea faili bila kulalamika, halafu usakinishaji unakatikia njiani.

Kunakili ISO kwenye flashi kama wimbo hakufanyi kompyuta iwake nayo. Iandike hivi, kwa amri ya dd:

sudo dd if=mint.iso of=/dev/sdX bs=4M status=progress conv=fsync

Hiyo X, herufi ya jina la flashi, usiibahatishe. Endesha lsblk, amri inayoorodhesha diski, kabla ya kuchomeka flashi, kisha baada ya kuichomeka. Kilichoongezeka ndicho chako. Msiige “sdb” kwa mazoea: laptopu yenye diski ya NVMe (ya kisasa) huita flashi sda, wakati kwenye laptopu ya zamani sda ndiyo diski yenye picha za harusi za mtu. dd haiulizi mara mbili kabla ya kufuta. Andaa flashi tatu za kusakinishia, na moja iliyofomatiwa exFAT ya kugawia ISO, kwani FAT32, mpangilio wa zamani wa flashi, haipokei faili la kufika GB 4 na ISO ya Ubuntu, aina nyingine ya Linux, imeshapita hapo.

Kabla ya kugusa diski ya mgeni, muulize mambo mawili: nakala ya kazi zake iko wapi, na kama Windows yake ina BitLocker (kufuli la diski), ufunguo wa kuirejesha anao? Akisita, mwonyeshe Mint ikiwaka kutoka kwenye flashi tu, arudi mwezi ujao.

Mada ni dakika 25, si zaidi. Slaidi za Impress zitoe pia kwa PDF, kwa sababu kwenye laptopu ya mwenzako fonti ikikosekana maneno yanamwagika nje ya kisanduku. Terminali (dirisha la amri) iwe herufi nyeusi juu ya nyeupe, ukubwa 20 kwenda juu. Ile nyeusi ya kijanja haisomeki madirisha yakiwa wazi saa tisa mchana. Projekta za zamani nyingi ni 1024 kwa 768, basi weka skrini yako hapo mapema, na ubebe kebo ya VGA pamoja na ya HDMI. Chai na chapati zije baada ya mada. Zikija kabla, hamtaanza.

Mlangoni pawe na daftari: jina la kwanza, modeli ya laptopu, kilichogoma. Mara nyingi ni Wi-Fi, hasa chipu za Broadcom. Debian, nayo aina ya Linux, tangu toleo la 12, la 2023, inakuja na famwea zisizo huria (programu za ndani ya chipu) kwenye ISO, lakini baadhi ya Broadcom bado zinataka dereva yake pekee, yaani programu ya kuiendesha chipu hiyo. Ipakueni kabla ya kikao kijacho, muiweke kwenye flashi yenye jina la modeli hiyo.